Uwanja Ni Mali ya Umma, Si Zawadi ya Mkubwa

Ndugu wasomaji wa Kitui na Makueni, kila mwaka wa uchaguzi hutujia mgeni aliyebeba mipira. Hufika na msafara wa magari, magunia ya jezi zilizochapishwa jina lake kifuani, na kikombe kinachong'aa. Mashindano hupewa jina lake, timu za vijiji hupambana juani, na fainali huchezwa majuma machache kabla ya kura ya Agosti ili mtoa kikombe apate umati wa kuuhutubia. Kura zikishahesabiwa, mgeni hutoweka pamoja na ahadi zake. Vijana hubaki na jezi zinazochujuka na uga ule ule wa changarawe, wenye milingoti ya miti iliyopinda, usio na choo, usio na maji, usio hata na kivuli cha kumlaza aliyeumia mguu.

Tumeanza na mgeni huyu kwa sababu wapo wanaotuuliza kama sisi, watu wa mageuzi, tunaunga mkono ujenzi wa vituo vipya vya michezo katika kaunti zetu mbili, au kama tumezoea kupinga tu. Jibu letu ni kwamba tunaunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuunga mkono ni jambo moja na kupiga makofi ni jambo jingine. Mwananchi aliyezoeshwa kwa miaka mingi kushukuru kwa kila anachopewa, hata kile kilichonunuliwa kwa kodi yake mwenyewe, huyachanganya mambo haya mawili kwa urahisi, na wako wakubwa ambao wangependa tuendelee kuyachanganya.

Tazameni viwanja viwili tu vya huku kwetu. Tarehe 20 Oktoba 2025, sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika Kitui, katika uwanja wa Ithookwe. Kwa ajili ya siku hiyo uwanja ulifanyiwa ujenzi kwa kasi ambayo miradi yetu ya kawaida haijapata kuiona. Hatusemi kazi ile ilikuwa mbaya. Watu wa Kitui wanastahili uwanja mzuri sawa na watu wa Kisii waliojengewa wa Gusii kwa Mashujaa ya mwaka 2020, watu wa Kirinyaga walioupata wa Wang'uru mwaka 2021, na watu wa Bungoma waliofanyiwa wa Masinde Muliro kwa Madaraka ya mwaka 2024. Tunachosema ni kwamba katika kila mahali hapo kilichoukimbiza ujenzi ni tarehe ya kuwasili kwa Rais.

Sasa vukeni mto Athi mfike Wote. Uwanja wa Wote uliwekwa miongoni mwa viwanja vya mashinani ambavyo serikali kuu, katika zama za Jubilee, iliahidi kuvijenga upya. Kazi ikaanza, kisha ikakwama, na mwaka baada ya mwaka wakazi wakabaki wakitazama kazi isiyokwisha. Wote haikuwa peke yake katika msiba huo. Kamariny, pale Iten, mahali ambapo mabingwa wa dunia walikuwa wakifanyia mazoezi, nako kulichimbwa kukaachwa. Ikiwa walioileta nchi medali za dhahabu walifanyiwa hivyo, kijana wa Kathonzweni anayetafuta mahali pa kurusha mkuki atamlilia nani? Na ni katika zama hizo hizo, Septemba 2017, Kenya ilipopokonywa uenyeji wa mashindano ya CHAN kwa sababu viwanja havikuwa tayari, baada ya kuahidiwa mwaka 2013 viwanja vitano vya kiwango cha kimataifa. Mashindano yakahamishiwa Morocco.

Kwa hiyo uwanja hujengwa haraka unapohitajika na mkubwa, na hukwama unapohitajika na mtoto. Hiyo ndiyo hali tunayotaka kuibadilisha, na haitabadilishwa na mkubwa.

Yupo msomaji atakayesema kwamba michezo ni anasa. Mama wa Tseikuru au wa Ikutha anayeamka alfajiri kwenda kuchimba kisima katika mchanga wa mto mkavu, apate debe moja la maji baada ya kusubiri zamu, tumwambie nini kuhusu nyasi zinazotaka kunyweshwa kila jioni? Swali hili ni zito na hatutalikwepa. Tunakubali kwamba uwanja wenye nyasi za kijani katikati ya watu wenye kiu ungekuwa matusi. Lakini paa la jukwaa la watazamaji ni paa kubwa kuliko la shule yoyote tuliyo nayo, na mvua za Novemba zikinyesha, maji yake yanaweza kuingizwa katika matangi badala ya kuachwa yachimbe makorongo. Mchoro wa kituo cha michezo usiokuwa na matangi hayo si mchoro wa Ukambani, ni wa mji mwingine ulioletwa kwetu kwa kubadilishwa jina juu ya karatasi. Mwananchi yeyote anaweza kuliona hilo akionyeshwa karatasi yenyewe. Mara nyingi haonyeshwi.

Tena watu wetu si wageni katika kujenga. Tangu mwaka 1995 jamii za Kitui, zikishirikiana na shirika la SASOL, zimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito yetu ya msimu. Wasiolijua jambo hili waelewe: ukuta wa mawe hujengwa kukata mto, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga, yamefichwa jua. Saruji na fundi vilitoka kwa shirika. Mawe, mchanga na mikono vilitoka kwa wanakijiji, wengi wao akina mama, chini ya utaratibu wetu wa mwethya ambao wazee walikuwa nao kabla ya serikali yoyote kuja kutufundisha maendeleo. Mwanakijiji aliyebeba jiwe la ukuta akiona ufa siku ya pili huuliza. Haogopi kuuliza, kwa sababu jiwe ni lake.

Linganisheni hayo na harambee ya miaka ya 1980 na 1990. Harambee ilianza kama jambo la heshima, ikaishia kuwa kodi isiyokuwa na risiti. Chifu alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, na asiye na pesa alitoa kuku, na asiye na kuku alitoa jogoo wa jirani kwa mkopo. Mzee aliyetaka barua ya kitambulisho kwa mwanawe aliulizwa kwanza kama amechanga. Fedha zilikwenda wapi? Kuuliza ilikuwa kupinga maendeleo, na kupinga maendeleo kulikuwa kupinga chama. Wale kati yetu waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau, na ndiyo sababu neno "mchango" bado linawatia baadhi ya wazee baridi ya mgongo. Tukiambiwa leo kwamba jamii iunge mkono kituo cha michezo, tuna haki ya kuuliza ni kwa njia ya mwethya au kwa njia ya chifu yule.

Sisi tunasema ni kwa njia ya mwethya, na tunasema hivyo tukijua kwamba nasi wenyewe tuna lawama. Mikutano ya ushirikishwaji wa umma ilidaiwa na vuguvugu la mageuzi, ikaandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, na mara ngapi tumeihudhuria kwa ajili ya soda na nauli? Tangazo hutoka kwa Kiingereza katika gazeti lisilofika Mutomo, mkutano hufanyika makao makuu siku ya soko, watu arobaini hutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, na sahihi hizo hizo huandikwa baadaye kuwa "maoni ya umma". Kosa la kwanza ni la afisa. Kosa la pili ni letu, tuliotia sahihi kabla ya kusoma.

Hapa lazima tuwasifu majirani wa Makueni, na Kitui isione haya kuiga. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ilipanga mazungumzo ya bajeti yaanzie kijijini, yapande hadi kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo na hatimaye kaunti. Mradi ukishapitishwa, wananchi huchagua kamati ya kuusimamia, na mwanakandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanywa. Hilo halikuja bure. Mwaka 2014 mvutano kati ya gavana na Bunge la Kaunti ulifikia risasi kufyatuliwa pale Wote, na wananchi wakakusanya sahihi wakitaka kaunti nzima ivunjwe. Tume ikaundwa ikapendekeza hivyo, ingawa mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja. Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu wapo wanaodhani utaratibu wa Makueni ni tabia ya asili ya watu wapole. Ni utaratibu uliopiganiwa, na utapotea usipolindwa.

Tofauti ya uwanja uliokwama Wote na zahanati iliyokamilika kijijini ni sahihi hiyo. Uwanja uliotoka Nairobi ulikuwa na mwanakandarasi aliyejibu Nairobi na kulipwa Nairobi. Hakuna mama wa Wote aliyeulizwa kama saruji inatosha. Jedwali la Nne la Katiba limeweka michezo na majengo yake miongoni mwa kazi za kaunti. Serikali kuu inaweza kusaidia, na kwa mradi mkubwa tutauhitaji msaada wake, lakini ikisaidia basi ikubali kamati ya wananchi ikague kazi.

Na isisemwe kwamba watu wetu hawana cha kufanyia uwanja. Benson Masya alizaliwa Kitui mwaka 1970. Alianza kwa ndondi kabla ya kugeukia mbio, na mwaka 1992, huko Newcastle, Uingereza, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni. Alifariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 33 tu. Jirani yetu wa Machakos, Cosmas Ndeti, alishinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995. Mtoto wa Kitui wa leo husikia majina ya mabingwa wa Bonde la Ufa, ambayo ni majina ya fahari kwa nchi nzima, na hukua akidhani kwamba mbio ni za watu wa milima na kwamba sisi wa nyanda kavu tuliumbwa kwa ajili ya kazi ya jeshi na kuchonga vinyago. Hakuna aliyemwambia habari za Masya. Wala hakuna mahali pa kumwonyesha, maana yeye na wenzake hukimbia kando ya barabara ya lami, wakiruka mtaroni kila lori linapopita.

Bado tunalo neno kwa wale wanaofikiria kituo cha michezo kama jengo moja kubwa katika mji mkuu wa kaunti. Kitui ni kaunti ya kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 humo, katika wadi 40. Makueni walikuwa 987,653 katika wadi 30. Nauli ya timu ya Kyuso kwenda Ithookwe na kurudi ni pesa ambazo timu hiyo haina, na timu ya Mtito Andei hufika Nairobi au Mombasa kwa urahisi kuliko inavyofika Wote. Jengo la mjini lijengwe, ndiyo, lenye njia ya riadha iliyopimwa sawasawa, ukumbi wa ndani kwa mpira wa vikapu, voliboli na ndondi, na mahali pa kufikia watu wenye ulemavu bila kubebwa mgongoni. Lakini likijengwa hilo peke yake, litakuwa la wakazi wa mji na la siku za sherehe. Bajeti inayolitaja jengo la mjini iwe bajeti ile ile inayoutaja uga wa wadi: uliosawazishwa, wenye tangi, wenye vyoo viwili vinavyofungika. Tunasisitiza vyoo. Wasichana wetu hucheza netiboli na kandanda kwa ustadi, kisha huacha wakiwa na miaka kumi na mitatu au minne, na walimu husema wamepoteza hamu. Msichana hawezi kushinda mahali pasipo na choo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Anayepanga jukwaa la wakuu lenye viti vya kitambaa kabla ya kupanga choo hicho, hatumuungi mkono hata kidogo, awe wa chama gani.

Kisha kuna ardhi, na hapa ndipo tunapoomba kila msomaji awe macho. Tuliyoyaona katika nchi hii yanatosha. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alitukanwa bungeni na barabarani kwa kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, na leo bustani ingalipo kwa sababu hakunyamaza. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kama peremende. Na tarehe 19 Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi na polisi kwa sababu walikuwa wakidai uga wao wa kuchezea. Watoto wenye sare za shule! Uga usio na hatimiliki ni uga unaosubiri mnyakuzi. Hata mpango mzuri wa ujenzi unaweza kuwa mlango wake, kwa maana uwanja wa zamani hufungwa "kwa muda" ili mpya ujengwe kwingineko, na muda huo ukishapita huonekana maduka.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Basi kabla ya jiwe la kwanza, wakazi waonyeshwe hati. Katika sehemu ambazo ardhi haijapimwa, ipimwe kwanza, hata kama mkubwa ana haraka ya kuzindua. Na mwenye shamba anayetakiwa kuhama alipwe kabla ya tingatinga kuingia. Uwanja uliojengwa juu ya machozi ya familia moja utawanyima usingizi vijana watakaouchezea.

Jambo la mwisho watalishangaa wasiotufahamu, kwa maana halihusu mpira. Ni nani atakayeshika ufunguo wa lango? Sisi tuliolelewa katika siasa za kudai vyama vingi tunajua uwanja ni nini. Kamukunji ni uga. Tarehe 7 Julai 1990, na tena tarehe 16 Novemba 1991, serikali ilituma askari kuwazuia Wakenya kukanyaga uga huo, kwa sababu ilijua kwamba watu wakikutana mahali peupe watahesabiana na kugundua kwamba ni wengi. Mpaka mageuzi ya IPPG ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya afisa wa serikali. Leo sheria inataka taarifa tu, lakini kufuli la lango limechukua mahali pa leseni. Tumeona katika kaunti mbalimbali viwanja vilivyojengwa kwa kodi ya wote vikiwa "vinatengenezwa" ghafla asubuhi ya mkutano wa upinzani, na kupona jioni. Kamati ya kituo kipya iwe na kanuni iliyoandikwa, inayosomwa na wote langoni, kwamba timu ya kijiji, kwaya ya kanisa, mashindano ya madrasa na mkutano wa chama chochote vitalipa ada ile ile na kufunguliwa lango lile lile. Na jina la uwanja lisiwe la mtu aliye hai.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kabla ya tarehe 1 Septemba. Mikutano ya wadi hufanyika kabla ya tarehe hizo. Msomaji atakayekwenda, aende na wenzake wanne, na waulize kwa sauti moja waonyeshwe hati ya ardhi, mchoro wenye matangi na vyoo, gharama yote kwa shilingi, na majina ya kamati itakayotia sahihi kabla mwanakandarasi hajalipwa. Wakijibiwa kwamba karatasi hizo ziko ofisini, waandike barua siku hiyo hiyo chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, wabaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Siku ya 22 ikifika bila jibu, tuleteeni nakala hiyo, nasi tutaichapa katika ukurasa huu.